Simu Ilie kwa Awiti

Duka la vitambaa la Manjula pale Biashara Street lilikuwa limefurika wateja. Awiti, fundi wa nguo kutoka mtaa wa Jamhuri, alikuwa amevaa gauni la kitenge alilojishonea mwenyewe, na lilimkaa kweli kweli. Alivuta kitambaa cha samawati, kumbe upande wa pili kuna mtu amekishika.

"Sasa, Awiti."

Alikuwa Lenox, mpenzi wake mwanajeshi, aliyekwenda Somalia mwaka jana akiahidi kupiga simu kila Jumapili. Simu zilikuja kwa muda, kisha kimya. Awiti alilia wee, akachoka, akajiambia mwanamume huyo ameoa kwingine. Sasa alikuwa mbele yake, amekonda, shati limepigwa pasi vizuri, na kovu refu mkononi.

"Kumbe uko hai! Si ungeniambia tu umenichoka?"

"Mimi nikuchoke? Nimelala hosi kwa madaktari miezi mingi nikiangalia mlango. Ni wewe hukukuja."

"Hosi gani? Nani aliniambia?"

Lenox alishtuka, akaanza kumweleza. Gari lao la jeshi lilipolipuliwa huko Somalia, simu yake iliteketea pamoja na nambari zote. Jeshi lilimpigia mama yake huko Kakamega, naye Lenox akadhani mama amempasha Awiti habari.

"Mama yako hanijui, Lenox. Hujawahi kumwambia kuna mtu anaitwa Awiti."

"Nilikuwa nangoja likizo."

"Na duka langu la kushona? Si unalijua? Mbona hukuja ulipotoka?"

"Niliona aibu, mpenzi. Nilidhani umesikia mkono umeharibika, ukaamua kuniacha."

Awiti aliushika ule mkono, akalipapasa kovu taratibu. Hasira zikamwisha. Alikuwa bado anampenda, na hakuona haja ya kujidanganya.

"Nyinyi wawili," Manjula akaita, mkasi mkononi, "nakata hii kitambaa ama sikati?"

"Ngoja kidogo tu, mama," Lenox akamjibu, kisha akamgeukia Awiti. "Mwezi ujao narudi kambini, na wanaweza kunituma tena. Nataka nikuoe. Sitaki jambo linipate halafu wewe ukose kujua."

"Unajua unaniomba nini? Kila nambari ngeni ikinipigia, roho itaruka."

"Najua."

Awiti aliogopa sana. Lakini ule mwaka wa kutojua lolote ulimtisha zaidi.

"Sawa," akasema. "Simu ikilia, ilie kwangu."

Lenox alitaka kumkumbatia. Awiti akamzuia kwa kiganja kifuani, huku machozi yakimtoka.

"Kwanza mpigie mama yako, hapa hapa, umwambie naitwa nani."