Ng'ombe wa Kina Arafa

Kila asubuhi kabla ya shule, Arafa alifagia uwanja, kisha akabeba ndoo yake kwenda bombani. Kitongoji chao kilikuwa vilimani, nje kidogo ya mji wa Kondoa, na bomba lilikuwa moja tu. Mwezi ule wa saba foleni ilikuwa bado fupi. Kila ulipofika mwezi wa kumi, maji yalipungua sana, na kila nyumba iligawiwa ndoo tano kwa siku.

Jumamosi moja aliporudi na maji, alimkuta baba yake, mzee Abdulrazaki, amekwisha kuvaa kofia na viatu.

"Fanya haraka, mwanangu," alisema. "Leo tunakwenda kuchagua ng'ombe."

Arafa nusura aangushe ndoo. Walikuwa hawajawahi kufuga ng'ombe wa maziwa. Mwaka huo alizeti ilikuwa imekubali vizuri. Tena mdogo wake, Ikram, alikuwa ametoka kuugua, na muuguzi wa zahanati alimshauri mama yao amzoeshe maziwa.

"Mchague mzuri," mama aliwaambia, Ikram akiwa amemlalia begani. "Huyu mtoto anahitaji nguvu."

Walitembea saa nzima hadi kwa Bibi Hamida, mama wa makamo aliyekuwa akihamia Chamwino kwa binti yake. Kule hakukuwa na nafasi ya kufugia, kwa hiyo alikuwa akiwauza ng'ombe wake wawili.

"Shikamoo, bibi," Arafa alisalimu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibuni. Njooni muwaone wanangu."

Wa kwanza aliitwa Tausi. Alikuwa mkubwa, mweusi mwenye mabaka meupe, na kiwele chake kilijaa kama mtungi. Wa pili, Kunazi, alikuwa chotara mdogo wa rangi ya kahawia, mwenye macho ya upole. Arafa alimtazama Tausi tu. Tayari alijiona akimpitisha mbele ya wenzake wa darasa la sita.

"Tausi hunipa lita kumi na mbili kwa siku," Bibi Hamida alieleza. "Kunazi hutoa sita. Lakini mimi sitoi ng'ombe kwa mtu nisiyemjua hali yake. Nani atawatunza?"

"Mimi, bibi," Arafa alijibu. "Na mama atakamua."

"Tausi anataka ndoo nne za maji kila siku, na joto likizidi anataka zaidi. Mtazipata hata mwezi wa kumi?"

Arafa alimwangalia baba yake. Baba alikuwa akimpapasa Tausi shingoni, akitabasamu kama mtoto.

"Tutazipata," Arafa alisema haraka.

"Haya. Basi nisaidie kumnywesha."

Arafa alimwaga ndoo ya kwanza kwenye hori. Tausi aliinama, na kabla Arafa hajavuta pumzi mbili, maji yalikwisha. Akamwaga ya pili, nayo ikaenda vilevile. Kisha Tausi akalamba mbao za hori, akainua kichwa na kumkazia macho.

"Anasubiri," alisema Bibi Hamida, akimshika ng'ombe sikio kwa mapenzi. "Mama yake nilimpoteza mwaka wa ukame. Alikuwa akinitazama hivihivi, nami sina cha kumpa. Sijasahau mpaka leo."

 Arafa alipiga hesabu. Katika ndoo tano za mwezi wa kumi, tatu zilikwisha kwa kupikia, kuoga na kufua. Zilibaki mbili. Alitamani kunyamaza, lakini macho ya Tausi yalikuwa bado yanamtazama.

"Baba," aliita kwa sauti ndogo, machozi yakimlengalenga. "Nimemdanganya bibi. Mwezi wa kumi hatuwezi kupata ndoo nne. Ni mbili tu."

Mzee Abdulrazaki aliuondoa mkono wake shingoni mwa Tausi. Kisha akachuchumaa mbele ya Arafa.

"Si wewe peke yako, mwanangu. Hata mimi nilijua. Nilimpenda, nikajifanya nimesahau. Tusamehe, Bibi Hamida."

"Mmeshasamehewa," alisema Bibi Hamida. "Kunazi ndoo mbili zinamtosha. Njoo umjaribu, Arafa."

Alimfundisha kukamua matone ya kwanza ya kila chuchu juu ya kifuniko cheusi cha sufuria. Maziwa yalikuwa laini, hayana mabonge, ishara kwamba kiwele ni kizima. Kunazi hakurusha teke. Aligeuza shingo tu, akanusa nywele za Arafa. Arafa akacheka huku akifuta machozi.

Baba alilipa, na jioni Kunazi aliingia nyumbani kwao. Mama alipokamua kwa mara ya kwanza, alichemsha maziwa vizuri, akayapoza, akampa Ikram. Ikram alikunywa mpaka akapata masharubu meupe.

Mwezi wa kumi ulikuja na jua lake. Arafa alipanga foleni, akaleta ndoo tano, na mbili kati ya hizo zikawa za Kunazi. Ng'ombe alikunywa akatosheka, akalala kivulini akicheua. Ikram, mashavu yamemjaa, alikuwa akimfukuzia nzi kwa tawi.

Baba alikuja akasimama karibu na Arafa.

"Wakati mwingine uongo hutoka kwa sababu tunakitaka kitu mno," alimwambia. "Siku ile ungenyamaza, leo mnyama angeteseka hapa na sisi tungebaki kujuta. Ulisema kweli mbele yangu mimi baba yako, na ilikuwa vigumu. Usiache kufanya hivyo, mwanangu, hata pale mimi nitakapokuwa nimekosea."

Arafa aliinamisha kichwa kwa haya. Baba akamwekea mkono begani, wakabaki pale pamoja wakimtazama ng'ombe wao.