Betri ya Basi Chumbani kwa Bibi

Kwetu umeme ukikatika, tunasikiliza kwanza. Bibi yangu anapumua kwa mashine ya oksijeni. Mashine ikinyamaza, ni mbio za hospitali. Mara ya mwisho tulichelewa, midomo yake ikawa rangi ya majivu.

Basi mjomba akatoka kwa wauza skrepa na betri ya basi la umeme, kubwa kama kitanda cha mtoto.

"Imekufa hii," akasema. "Lakini sitakosa kipande kizima cha kuendesha mashine ya mama umeme ukikatika."

Akaanza kuifungua humo humo chumbani kwa bibi. Nje mvua, dirisha limefungwa, giza mchana. Ndani ya betri kitu kikagonga. Tik. Kimya. Tik.

"Mnasikia?" bibi akauliza.

"Panya hao, mama."

"Panya gani wa chuma?"

Mjomba akacheka, spana ikamteleza. Paa! Mwanga wa buluu. Spana ikanata pale pale, ncha imeyeyuka. Halafu tukasikia kama mtu anashusha pumzi polepole: ssss. Harufu tamu tamu ikajaa.

Bibi akanishika mkono. "Maiti gani huyu anapumua?"

Nikapiga kelele. Jirani yetu, dada fundi umeme, akaja mbio.

"Mtoeni bibi! Moto na oksijeni havikai chumba kimoja!"

Tukambeba bibi na mashine yake hadi kwa jirani. Mlio ulipokoma na betri kupoa, fundi akavaa glavu za mpira, akaipima kwa mita.

"Nani kasema imekufa?"

"Si basi limeshindwa kwenda?" mjomba akajibu.

"Imechoka kuvuta basi, kaka. Umeme umo, tena wa kuua mtu. Usifungue kitu hiki nyumbani. Shukuru umebaki na vidole."

Akaipeleka karakana. Vipande vilivyovimba na kuungua akavipeleka kwa wanaochakata betri. Vizima akavipima kimoja kimoja, akaviunga na kifaa kinachokata umeme vikipata joto. Akaviweka nje ya nyumba yetu, kwenye kabati la chuma lenye matundu ya hewa, mbali na maji, akavuta waya hadi kwenye mashine ya bibi.

Jana umeme ukakatika tena. Mtaa mzima kimya, hata redio. Tukasimama kwenye korido, hakuna aliyethubutu kufungua mlango wa bibi.

Tukasikia: fuu… fuu… Mashine inapumua.

"Mmesimama hapo kama mizimu," bibi akaita. "Ingieni, mnanitisha."