Msitu wa Mauwa

Kila Jumamosi, kazi za nyumbani zikiisha, watoto wa mtaa mmoja wa Temeke walikusanyika barazani kwa Didas. Baba yake, karani wa bandarini, alikuwa amemnunulia askari wa bati. Watoto waliwapanga sakafuni wakarusha kete kujua nani asogee. Didas ndiye aliyeamua nani acheze.

Jumamosi moja hakuja mtu. Wote walikuwa uani kwa jirani yao Mauwa, binti wa mchonga vinyago. Juu ya meza kuukuu Mauwa alikuwa ametengeneza msitu. Madodoki makavu yaliyotiwa rangi ya majani yalikuwa miti, makumbi ya nazi nyasi, na chenga za mpingo za baba yake udongo. Askari wake wa udongo wa mfinyanzi walikatika miguu ovyo, lakini hakuna aliyejali, maana sasa palikuwa na pa kujificha.

"Karibu, Didas," Mauwa alisema.

"Mie sichezei takataka."

Aliondoka moyo ukimchoma. Hasidi hana sababu: Didas hakupungukiwa kitu, ila kasifiwa mwingine. Mchana, ua ulipokuwa mtupu, alichota mtama jikoni kwao akaumwaga kati ya miti. Kuku wakamaliza kazi: msitu wote ukaparurwa.

Mama yake Didas, Bi. Auleria, alisikia kilio cha Mauwa akamshika mwanawe mkono wakaenda.

"Shikamoo, mama," Mauwa alisema huku akifuta machozi. Mkononi alikuwa na kidaraja cha vijiti. "Hiki nilikipima kwa askari wako, Didas. Nilijua utakuja tu."

Didas akainamisha kichwa. Bi. Auleria aliokota punje ya mtama mezani. Mtaa mzima, ni wao tu walioletewa mtama kutoka Bukoba.

"Kuku hawapandi mezani bila kuitwa," alisema. "Nani kawaita?"

"Ni mie, mama. Niliona wivu. Nisamehe, Mauwa."

Mauwa alimwonyesha makumbi yaliyotapakaa uani. "Utachambua makumbi. Yote."

Didas aliyachambua mpaka vidole vikamwasha. Msitu uliposimama tena, alileta askari wake wa bati. Walivuka kidaraja wakitoshea barabara, na watoto wakashangilia.

"Umeona, mwanangu?" Bi. Auleria alisema. "Barazani askari wako walikuwa wamesimama tu. Mwenzako akisifiwa, nenda ukashirikiane naye. Ungeuacha msitu wake ufe, askari wako wangekwenda wapi?"