Funda la Maji la Mama Apollinarie

Maji yalikuwa yamepanda.

Bienvenu aliinama mbele ya tangi, akaweka kidole kwenye alama aliyoichora jana kwa kalamu, akakuta maji yameivuka kwa upana wa kidole kizima. Sasa, yeyote aliyewahi kufuga samaki wa maji chumvi atakwambia kwamba tangi haliongezi maji, linapunguza. Taa zinayapasha moto, yanakwenda hewani, chumvi inabaki, nawe kila asubuhi unaongeza maji matamu kidogo kufidia. Kazi yenyewe ndiyo hiyo.

"Nani ameongeza maji hapa?" aliuliza.

"Hakuna mtu," alijibu Madamu Kyarisiima, mwenye nyumba ile ya wageni pale Mbarara. "Mimi nafunga hii mlango. Funguo iko kwangu."

Tangi lilikuwa dogo, la kukaa juu ya meza ya mapokezi. Madamu alitaka bahari kidogo ya kuwatuliza wageni, na Bienvenu, fundi wa vioo kutoka Misiera, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ndiye aliyejitwika kazi hiyo. Ujanani, kule Uvira, aliwahi kuzamia samaki wa rangi katika ziwa Tanganyika. Bahari hakuwahi kuiona hata kwa mbali, lakini alijifunza kwenye simu, na jamaa huyu akishaingia kwenye jambo hatoki. Alipanga miezi miwili. Akakata vioo, akaviunga kwa gundi, akatafuta pampu, hita, taa za buluu, ndoo ya chumvi maalumu na kipimo chake. Mwisho yakaja mawe ya matumbawe kutoka pwani, mazito, yameviringishwa kwenye magazeti yenye unyevu, yakinuka kama kitu kilicholala muda mrefu.

Kosa alilifanya siku ya kujaza, na alilifanya kwa mapenzi. Kwao, mtu haanzi kazi ya maji mikono mitupu. Wavu mpya hauingii ziwani kabla mama mzazi hajachukua funda la maji na kuutemea baraka. Basi mama yake, Mama Apollinarie, aliyekuwa hawezi safari, alitema funda lake ndani ya chupa.

"Enda umwange yote mu ile kioo yako," alimwambia. "Baba yako hakushusha wavu hata siku moja bila mate ya mama yake."

Bienvenu aliimwaga juu ya mawe. Aliona povu dogo, akafurahi.

Alama ilipovukwa mara ya tatu, Chantal, mkewe, alipiga simu. Sauti yake ilikuwa chini, kama anayeogopa kusikiwa.

"Mama iko anakunywa, haishi kiu. Leo amemaliza kidumu muzima. Na ngozi yake inakauka, Bienve. Nikimugusa inalia kama karatasi."

Alirudi Nakivale siku hiyo hiyo. Alimkuta mama yake kwenye mkeka, midomo imepasuka, macho yamezama. Kwenye zahanati walikuwa wamemtundikia dripu, chupa mbili zikaingia, na mwili ukabaki mkavu vile vile. Maji yalikuwa yanakwenda mahali, na Bienvenu alijua ni wapi. Mama huyu ndiye aliyembeba mgongoni utotoni na kumtoa Kongo ukubwani, na Bienvenu hakubakiwa na ndugu mwingine wa damu duniani.

Akaenda kwa Sidonie, Mrundi aliyekaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, karibu na Base Camp pale kambini. Zamani alikuwa mpishi Tanga, na watu wenye majini walimfuata kimyakimya. Sidonie alimsikiliza huku akigeuza samaki, kisha akaondoa karai motoni.

"Ziwa lenu linajua mate yenu," alisema. "Bahari haiwajui. Ndani ya lile jiwe kulikuwa na mwenyewe. Wewe umemtilia mama yako mdomoni, naye anammeza kidogo kidogo."

"Nifanye je?"

"Zima pampu. Ngoja mpaka jua liondoke dirishani, usiharakishe. Maji ya mama yako ni matamu, yatapanda juu, ya yule yatabaki chini. Chukua funda la juu, ulilete mdomoni mwako. Usiongee, usimeze. Mtilie mama."

Kesho yake asubuhi alirudi Mbarara, akazima pampu. Kimya kilichofuata kilimtisha kuliko chochote. Maji yalisimama karibu na ukingo, mazito, na kutoka kwenye tundu moja la jiwe yalitoka mapovu polepole, moja, kisha moja, kama mtu anayepumua usingizini. Jua lilikuwa bado katikati ya dirisha simu ilipolia.

"Mama haongei tena," Chantal alinong'ona. "Macho iko wazi, lakini hapepesi. Kuya sasa."

Nani angengoja? Bienvenu aliinamisha uso, akavuta funda. Lilikuwa na chumvi, chumvi kali ya kuchoma ulimi. Akajiambia kwamba hata machozi yana chumvi, akapanda nyuma ya pikipiki ya kukodi.

Walipopita Masha mashavu yalikuwa yameanza kujaa, na pale kwenye kizuizi askari alipomuuliza, "Wewe, kitambulisho iko wapi, wewe bubu?" alitoa karatasi yake bila kufumbua midomo, na safari ikaendelea kwenye vumbi la Isingiro huku mate yakiongezeka na chumvi isipungue, na ndani ya mdomo, chini ya ulimi, kitu laini kikaanza kujigeuza, kikapapasa meno yake moja baada ya jingine kana kwamba kinayahesabu, naye akalia machozi mdomo ukiwa umefumbwa, akimkumbuka mama yake alivyokuwa akimfunika kwa kitenge, akijizuia asimeze, asiteme, asipige yowe, mpaka alipoona bati la nyumba yake na Chantal amesimama mlangoni.

Alipiga magoti, akaweka midomo yake kwenye midomo ile mikavu, akaachia.

Mama Apollinarie alimeza. Akapepesa. Ngozi ya mikono ikajaa mbele ya macho yao, na kabla ya chai kuchemka alikuwa ameketi wima, akinyoosha vidole. Chantal alianguka miguuni pake akilia kwa furaha, na Bienvenu alitoka nje kuwaambia majirani, kifua chake chepesi kwa mara ya kwanza tangu juma lililopita.

Aliporudi ndani mama alikuwa ameomba chumvi. Pakiti nzima ilikuwa mapajani, naye alikuwa akilamba kiganja.

Simu ikalia. Alikuwa Madamu Kyarisiima.

"Bienvenu, kuja. Kuna mama mzee analia ndani ya hii kioo. Anagonga. Anasema, 'Bienve, niko wapi? Niko fasi gani?'"

Simu ilikuwa na sauti kubwa, chumba kizima kilisikia. Bienvenu aligeuka taratibu. Yule aliyeketi kwenye mkeka alifuta chumvi mdomoni, akamtazama kwa huruma, akasema kwa Kiswahili laini cha pwani ambacho mama yake hakuwahi kukisema:

"Mwambie atulie, mwanangu. Hata mie mwanzo nililia."