Kumbukumbu ya Tatu

Nyamizi hakuwahi kugusa bahari maishani mwake, lakini sasa alikumbuka vizuri jinsi ilivyomwingia puani alipokuwa mtoto wa miaka sita.

Alikumbuka ngazi za mawe pale Raskazone, zinavyoteleza kwa ukoga. Alikumbuka mbwa wa rangi ya njano, sikio moja limechanika, akimbwekea kutoka juu. Aliruka. Miguu ikatafuta ardhi, ikaikosa. Chumvi ikamchoma kooni, masikio yakajaa ukimya wa kijani, kisha maji yenyewe yakamnyanyua taratibu, kama mtu anayemwinua mtoto aliyelala.

Alipofumbua macho alikuwa mama wa miaka sitini, mkavu, ameketi kwenye kiti laini na anakohoa.

"Kohoa tu, mama," alisema mwanamume aliyeketi mbele yake. "Kila mgeni hukohoa hapo."

Mwanamume huyo aliitwa Hatibu Shemkai, naye ndiye aliyekuwa mwenyeji wake kwa siku hiyo. Chombo walichopanda kiliitwa kereng'ende. Kilikuwa na mabawa manne ya kitambaa cha mkonge kilichopakwa utando unaokunywa jua, na sakafu yake ilikuwa angavu kama kioo. Kilielea juu ya ghuba ya Tanga bila kelele, ila mvumo mdogo kama wa nyuki walio mbali. Kwenye paji la uso la Nyamizi, na la Hatibu pia, ulifungwa utepe mwembamba wa kijivu. Huo ndio ulioitwa kionjeshi.

Kionjeshi ndicho kilichoifanya Tanga ijulikane. Miji mingine ya pwani ilikuwa na roboti waongozaji waliojua mwaka wa kila jiwe na jina la kila ndege. Tanga ilikuwa na wenyeji wa kweli, watu waliozaliwa hapo, na mgeni aliyevaa kionjeshi hakusimuliwa mji. Alipewa kumbukumbu ya mwenyeji wake, na harufu zake na hofu zake, akaikumbuka kama yake.

Nyamizi alikuwa mhandisi wa mawingu. Kwa muda mrefu wa maisha yake, huko Tabora, alikuwa akirusha tiara zinazokamua unyevu angani na kuwanyeshea wakulima mvua. Siku aliyostaafu wenzake walimpa zawadi. "Umetuletea maji miaka yote," walimwambia. "Sasa nenda kayaone mahali yanapokaa." Zawadi yenyewe ilikuwa siku moja Tanga, yeye na mwenyeji wake tu, na kumbukumbu tatu.

"Na yule mbwa wako?" aliuliza akijifuta machozi ya kukohoa. "Yule wa njano, mwenye sikio lililochanika. Aliishia wapi?"

Hatibu alimtazama huku akitabasamu.

"Mbwa gani, mama?"

Nyamizi alicheka. Alidhani anataniwa.

Kereng'ende aligeuka kuelekea mjini. Chini yao ukuta wa matumbawe ulizunguka ghuba kama bangili, mweupe, waridi na zambarau. Haukujengwa na mtu. Ulioteshwa na vikaa, mashine ndogo mfano wa kaa zisizozidi kiganja, ambazo mchana kutwa zilitambaa chini ya maji zikitema chokaa na kupanda mbegu za matumbawe. Bahari ilipopanda, ukuta huo ndio uliouokoa mji, ingawa mitaa kadhaa iliyokuwa chini zaidi ilishazama kabla haujakomaa. Nyuma ya ukuta bustani za michungwa zilielea juu ya maboya mapana, na watoto wa shule walivuka kutoka bustani moja hadi nyingine kwa madaraja ya kamba, mikoba ikining'inia migongoni. Upepo ulileta harufu ya maua ya michungwa mpaka ndani ya chombo. Nyamizi alihisi kwamba hata kuzungumza kungeuharibu mji huo.

Walitua Ngamiani, Barabara ya Nane. Walikunywa chai ya tangawizi na kula mikate ya kumimina kibarazani kwa mama mmoja aliyemtania Hatibu kwamba amekonda. Kisha Hatibu akasimama mbele ya duka la vitambaa na kugusa utepe wake.

"Kumbukumbu ya pili iko hapa, mama. Uko tayari?"

"Nipe."

Safari hii Nyamizi alikuwa kijana wa miaka ishirini. Mahali pa duka palikuwa na meza ya machungwa, na nyuma yake msichana mwenye kisu kidogo. Alimenya chungwa kwa mzunguko mmoja bila ganda kukatika, macho yake yakiwa kwa mteja na si kwenye kisu. Kijana alikuwa ameshakula machungwa manne na tumbo lilimuuma, lakini aliomba la tano. Msichana alimenya, akalishika ganda lile refu na kumviringishia kijana kwenye kifundo cha mkono. "Haya, umeshavishwa," alisema. "Sasa nenda kazini, utafukuzwa." Moyo wa kijana uligonga kwa nguvu hata Nyamizi akajishika kifua.

Alirudi barabarani akitabasamu kama mjinga.

"Jamani, Hatibu! Alikuvisha ganda la chungwa! Ulimuoa?"

"Nilimuoa. Saumu. Yuko nyumbani." Kisha akaongeza polepole, "Alinivisha?"

Hapo Nyamizi aliacha kutabasamu. Alikuwa ameishi na mitambo miaka mingi, na alijua sauti ya kitu kinachoharibika hata kabla hakijasimama.

"Hatibu, baba yangu, hebu nitazame. Yule mbwa humkumbuki kweli?"

Hatibu alimwongoza kwanza kurudi kwenye chombo, akasubiri mabawa yaanze kuvuma.

"Tulipoajiriwa, kampuni ilituambia ni nakala," alisema. "Mgeni anapata nakala, nawe unabaki na yako. Labda wenyewe waliamini hivyo. Lakini kumbukumbu si picha iliyowekwa kabatini. Kila unapokumbuka unaifumua na kuisuka upya, kama mkeka. Kionjeshi hunasa nyuzi wakati zimefumuka, huzipitisha kwa mgeni, kisha huzirudisha. Hazirudi zote. Mara ya kwanza huwezi kujua. Ukitoa mara mia, unajikuta umeshika ukindu mmoja, na hujui mkeka ulikuwa na rangi gani."

"Na bado unatoa."

"Nifanye nini, mama? Roboti anajua kila kitu cha mji huu kuliko mimi. Kitu pekee asichokuwa nacho ni utoto." Alitazama chini kupitia sakafu angavu. "Saumu huniuliza, unakumbuka siku ile ya machungwa? Namwambia ndiyo. Anafurahi. Halafu nasubiri aeleze zaidi, haelezi, kwa sababu anadhani najua."

"Hujamwambia?"

"Nimwambie kwamba siku aliyonipenda nimewapa watu?"

Nyamizi alimsimulia yote aliyoyaona: kisu kidogo, chungwa la tano, ganda, maneno ya msichana. Hatibu alisikiliza mdomo wazi, na masimulizi yalipofika kwenye "utafukuzwa" akacheka kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka hivyo siku nzima.

"Ndivyo anavyosema!" alipiga kelele. "Mpaka leo ndivyo anavyosema!"

"Hakuna mgeni aliyewahi kukueleza?"

"Kanuni inakataza kuuliza. Alichoonja mgeni ni siri ya mgeni. Wanalia, wananishukuru, wanaondoka." Akasita. "Wewe umeniuliza mwenyewe kuhusu yule mbwa. Wengine hawaulizi."

Kereng'ende alikuwa amevuka mji. Alishuka taratibu juu ya maji ya Sahare, akakunja mabawa yake na kuelea. Chini ya sakafu, ndani ya maji yaliyotulia, Nyamizi aliona mtaa mzima uliolala. Kulikuwa na kuta zisizo na mapaa, visima, vibaraza. Samaki wa buluu waliingia mlango huu na kutokea dirisha lile bila haraka, kama majirani wanaotembeleana. Mwanga wa jua ulicheza juu ya vizingiti. Palikuwa pazuri kiasi cha kutisha.

"Hii ilikuwa kwetu," alisema Hatibu, akionyesha nyumba yenye mlango wa matao. "Kumbukumbu ya tatu ni ya mama yangu. Aliitwa Riziki. Wageni huipenda kuliko zote."

Nyamizi alikuwa ameshaanza kuufungua utepe wake.

"Hapana. Hii sipokei. Mimi nimekamua mawingu, Hatibu. Wingu likikamuliwa kupita kiasi halirudi tena."

"Mama, subiri." Hatibu aliushika mkono wake, jambo ambalo mwenyeji hakutakiwa kulifanya. "Nimeshaitoa mno. Sura yake siioni. Najua tu kuna mwanamke, na kuna mlango, na alisema kitu. Sikumbuki alisema nini. Lakini kionjeshi huchota chini kuliko ninakofika mimi mwenyewe. Wewe ulimwona mbwa ambaye mimi simjui. Kwa hiyo yumo. Mama yangu yumo mahali fulani humu." Alijigusa paji la uso. "Kesho nina mgeni mwingine, ataichukua na kuondoka nayo kimya. Pokea wewe. Halafu uniambie."

"Na kama ni mara ya mwisho?"

"Basi iwe imeangukia kwa mtu anayeweza kunisimulia."

Nyamizi alitazama samaki wakipita mlangoni pa Bi Riziki. Alifikiri kuhusu mama yake mwenyewe, ambaye aliweza kumkumbuka bure wakati wowote apendao, na hakuwa akimkumbuka mara nyingi. Kisha akaufunga utepe tena.

Akawa mvulana wa miaka kumi na miwili, na alikuwa na hasira. Maji yalikuwa tayari uani, yanalamba ngazi. Mashua za serikali zilisubiri mwisho wa mtaa na watu walibeba magodoro vichwani. Ndani ya nyumba tupu, mama yake alikuwa anafagia. Alinyunyiza maji kidogo ili vumbi litulie, akainama na ufagio wa chelewa, akaanzia chumba cha ndani kuja sebuleni, kona kwa kona. Mvulana alipiga kelele: kwa nini unafagia? Kesho yote itakuwa bahari! Mama hakugeuka. Alimaliza, akayazoa yale mavumbi, akayatupa nje. Ndipo akamgeukia. Alikuwa na uso mpana wenye jasho, na alipocheka ulionekana mwanya katikati ya meno ya juu.

"Bahari nayo ni mgeni, Hatibu," alisema. "Mgeni gani utamkaribisha kwenye taka?"

Kisha akamshika mkono, wakatoka, na maji yakawa vuguvugu miguuni.

Nyamizi alipofumbua macho hakukohoa wala hakulia. Aliogopa kwamba akilia angesahau kitu.

Hatibu alikuwa anamtazama. Uso wake ulikuwa mtupu, kama wa mtu aliyeamshwa ghafla.

"Imekwenda," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeisikia ikikatika. Hata mlango sina."

"Keti," alisema Nyamizi. "Keti hapa chini, karibu yangu. Toa hicho kitu kichwani."

Hatibu aliketi sakafuni, juu ya paa la nyumba yao lisilokuwepo, na Nyamizi akamsimulia. Hakuharakisha. Alimpa maji yanayolamba ngazi, magodoro vichwani mwa watu, ufagio wa chelewa, vumbi linalotulia. Alimpa maneno ya mama yake yote, kama yalivyosemwa, na aliposema "mgeni gani utamkaribisha kwenye taka," Hatibu alifunika uso kwa mikono.

"Alikuwaje?" aliuliza ndani ya viganja. "Sura."

"Mpana wa uso. Ana mwanya, hapa juu. Kama wako."

Hatibu alipeleka ulimi kwenye meno yake, akaugusa ule mwanya aliokuwa nao siku zote.

Sauti ya kampuni ilisikika kutoka darini mwa chombo, ya upole na isiyo na mtu: muda wa safari unakaribia kwisha, je, mgeni ameridhika? Hatibu alinyoosha mkono akaizima.

"Kesho utafanya nini?" aliuliza Nyamizi.

"Nitamleta mgeni hapa. Nitamwambia kwa mdomo. Asipotaka, roboti wapo miji mingine." Alivuta pumzi. "Na leo nikifika nyumbani nitamwambia Saumu ukweli, halafu nimwombe anieleze siku ya machungwa toka mwanzo. Atanifokea. Lakini ataeleza."

Garimoshi la Tabora liliondoka jioni hiyo bila Nyamizi. Alikuwa bado Sahare, anasimulia kwa mara ya pili, kisha ya tatu, kwa sababu Hatibu alitaka kuhakikisha. Mara ya nne Hatibu alimwomba anyamaze, akasimulia mwenyewe. Alikosea kidogo mwanzoni, akaanzia sebuleni badala ya chumba cha ndani, na Nyamizi akamsahihisha. Aliendelea. Maji yakalamba ngazi, vumbi likatulia, mama akainama.

"Alikuwa amejifunga khanga ya Bi mkubwa wa jirani," alisema Hatibu, macho yamefumbwa, "kwa sababu zake zote zilishafungwa kwenye furushi. Na alikuwa anaimba, polepole, wimbo usio na maneno."

Nyamizi hakuwa ameiona khanga hiyo. Hakuwa amesikia wimbo wowote. Aliyatazama maji, samaki wakiingia na kutoka, akamwacha aendelee kuusuka upya mkeka wake.