Ufito wa Bibi Kunegunda

Beda Komba ni fundi wa magitaa, spika na kila kinachopiga kelele pale Matogoro. Jambo hili lilimpata mchana kweupe, si usiku wa bundi kama mnavyopenda ninyi. Nyumba yake inatazamana na ya shangazi yangu, kwa hiyo sisimulii ya kuokota njiani.

Ijumaa ile binti yake wa mwisho, Evaline, alimletea gitaa la besi la kwaya ya parokia. Yeye ndiye mpigaji, na vidole vyake vilikuwa vimechubuka.

"Baba, nyuzi ziko juu mno," alisema. "Na kesho tunaimba kwenye mazishi ya Bibi Kunegunda."

Beda alichungulia daraja, pale nyuzi zinapokalia mwishoni mwa gitaa. Vile vidaraja vidogo vinavyobeba kila uzi alikwisha kuvishusha mwezi uliopita. Skrubu zilikuwa zimefika mwisho. Ilibaki dawa moja tu: kufungua shingo na kuchomeka kijiti chembamba kwenye kiungo chake, shingo ilale nyuma kidogo, nyuzi zishuke zenyewe. Kazi ya nusu saa. Alichokosa ni kijiti kikavu.

Mlango wa pili ni karakana ya Saimon, seremala wa majeneza, naye alikuwa amekwenda kula. Mlangoni pake palisimamishwa ufito mnyoofu. Beda akavunja ncha yake, urefu wa kidole cha kati, akarudi kwake akipiga mluzi. Akaichonga mpaka ikawa nyembamba kama ukucha, akaichomeka, akakaza skrubu nne. Nyuzi zikalala vizuri ajabu. Evaline akajaribu, akacheka, akasema hakuna fundi kama babake Songea nzima.

Sasa, kwao pale maiti hapimwi kwa futi ya chuma. Ndugu hukata ufito sawa na urefu wake, utosini mpaka kisigino, wakampelekea seremala. Siku ya mazishi ufito huo hushushwa kaburini pamoja naye. Beda anayajua hayo tangu utotoni. Haraka ilimfumba macho. Aliona kijiti, hakuona mtu.

Bibi Kunegunda alikuwa mrefu kuliko wanaume wengi wa mtaa ule. Jumamosi, wakati wa kufunga jeneza, Beda alikuwa karibu akiunganisha waya za spika. Kifuniko kilikataa. Wanaume wanne wakaegemea. Kikakataa. Mmoja akapiga goti juu yake. Kitu ndani kikalia, ko. Dastan, mwana wa marehemu, akageuza uso.

Kisha, kaburini, ukashushwa ufito. Beda akaona ncha yake iliyovunjika, nyeupe.

Alinyamaza. Akainamia waya zake. Maji yakimwagika hayazoleki, alijiambia, na kwaya ikaanza kuimba. Katikati ya wimbo Evaline alimtazama kwa mshangao. Nyuzi zilikuwa zinapanda.

Jumapili asubuhi msichana hakuinuka kitandani. Mkewe Beda, Devota, alimkuta amelala chali, magoti yamepanda kifuani, macho wazi.

"Mama, siwezi kunyoosha," alinong'ona. "Pamebana."

Beda alikimbilia besi. Nyuzi zilikuwa zimepanda kimo cha kidole juu ya shingo. Skrubu zote ziko palepale, shingo haijapinda. Akaegemeza kiganja, akazikandamiza zishuke.

Chumbani Evaline akalia. Magoti yalikuwa yamesogea tena, karibu na kidevu.

Akaachia. Nyuzi zikapanda. Magoti hayakurudi.

Akafungua shingo, akatoa kile kipande, akaenda nacho mbio kwa Saimon. Alimweleza yote pale mlangoni, bila hata salamu. Saimon alikaa chini taratibu.

"Jeneza nilikata kwa ufito ule," alisema. "Bibi hakuenea. Nikadhani ndugu wamekosea kupima. Tukamkunja, Beda. Mimi ndiye niliyemshika magoti."

Walikwenda makaburini wote wawili. Beda alifukua udongo kwa vidole, akazika kipande, akaomba msamaha kwa sauti, mtu mzima analia jua linawaka. Aliporudi nyumbani Evaline alikuwa vilevile. Hospitali walimpiga picha, wakasema mifupa ni mizima, hana ugonjwa wanaouona.

Ikabaki njia moja. Wakaenda kwa Dastan kumwomba afungue kaburi, mama yake atengenezewe jeneza la kutosha. Dastan aliwasikiliza mpaka mwisho. Hakufoka.

"Ulikuwepo," alimwambia Beda. "Uliuona ule ufito kabla hatujafukia."

"Niliuona, ndugu yangu."

"Ukanyamaza. Nami leo sina la kukupa. Mama yangu nimemzika mara moja."

Akafunga mlango. Walirudi tena na katekista, na mara ya tatu na mjumbe wa mtaa. Mlango haukufunguliwa.

Siku ya tisa Devota aliona alama kwenye ubao wa kitanda, upande wa miguuni. Nyayo mbili za udongo mwekundu, pana, vidole vimetanuka kama vya mtu anayesukuma. Akazifuta. Kesho yake zilikuwepo. Miguu ya Evaline haifiki pale, imekunjwa tumboni.

Beda akahama chumba chake. Akatandika mkeka sakafuni, chini ya ubao ule, akawa anaongea nao mchana kutwa. "Bibi, ni mimi niliyevunja. Chukua miguu yangu. Mtoto hana kosa." Miguu yake ilibaki minyoofu, mizima, na yeye akaichukia.

Wiki iliyopita alisinzia baada ya chakula cha mchana. Alipozinduka nyumba ilikuwa kimya. Devota alikuwa bombani. Evaline alikuwa amelala, magoti kwenye kidevu, anapumua kidogo kidogo.

Beda akainuka kutazama ubao. Nyayo zilikuwa nne.

Mbili pana. Na mbili ndogo pembeni yake, za Evaline, mbichi bado, vidole vimetanuka vilevile.