Flashi Iliyopigwa Darini

Picha ya kwanza ilitoka na harufu. Bahiya alidhani flashi yake mpya inaungua, akaishika. Baridi. Akainusa, hola. Na bado ukumbi mzima ulinuka nywele zilizotiwa motoni, na wanawake wakaanza kuziba pua na kumtazama aliyeshika chetezo cha udi.

Flashi yenyewe iliingia nyumbani kwa ubishi. Amjad, muuza vifaa vya kamera wa Mlandege, alimwambia wazi.

"Da Bahiya, nyumba hizi za Mji Mkongwe dari zake ziko juu, na boriti nyeusi tii. Ukiielekeza flashi darini ili mwanga urudi laini, haurudi, unaliwa hukohuko. Chukua lenzi hii ya hamsini, inafunguka moja nukta nane, mwanga mdogo tu unaitosha. Utapiga hata kwa mshumaa."

"Lenzi haing'arishi dhahabu," Bahiya akajibu. "Mie nataka dhahabu ya mdogo wangu ing'are."

Kichwa kigumu yule! Akatoka na flashi kubwa kupita zote dukani, na lenzi yake ileile ya zamani isiyoona gizani.

Mdogo wake, Dalal, ndiye aliyekuwa bibi harusi. Shughuli ya wanawake ilifanywa alasiri katika ukumbi wa juu wa nyumba ya babu yao, ukumbi uliofungwa miaka sita. Madirisha yalikomewa kwa sababu wanawake walikuwa vichwa wazi, na simu zote zilikusanywa mlangoni kwenye kapu. Kamera ilikuwa moja tu, ya Bahiya. Kabla hajaanza, Bi Mwanamwema alimshika mkono. Huyu alikuwa somo wa bibi harusi, kungwi wake, mtu wa Makunduchi, na mambo ya majini hakuyafanyia mchezo hata siku moja.

"Ukumbi umelala huu, mwanangu. Maji ya moto hatuyamwagi bila ya kusema bismillahi, wenyewe wapishe. Na huo mwanga wako ni moto. Kila ukipiga, sema."

"Bi Mwanamwema, nnapiga picha mia tatu! Ntasema mara ngapi?" Bahiya alicheka. Hakusema hata mara moja.

Basi picha zikatoka nyeusi, kama Amjad alivyomwambia. Bahiya akaipandisha flashi mpaka mwisho wa nguvu zake, akaielekeza juu kwenye boriti, akapiga. Akapiga tena. Harufu ikazidi. Alipopiga mara ya kumi, tone lilianguka kutoka darini likamwangukia Dalal begani, zito, la uvuguvugu, na hukohuko juu kikasikika kilio chembamba cha mtoto mchanga.

"Mtoto wa nani huyo?" mmoja akanong'ona.

Hapakuja mtoto shughulini. Wote walikuwa wakijua hivyo, na wote walikuwa wakitazama juu.

"Acha kupiga, Bahiya," Bi Mwanamwema akasema kwa sauti ya chini. "Acha, kwa jina la Mungu."

Kidole kilikuwa kishabonyeza. Mwanga ukaruka, kilio kikakatika, na Dalal akasimama. Alimkamata Rasha, binamu yake aliyekaa karibu naye, akamshika nywele kwa mikono ile yenye hina mbichi, akamburura mpaka mlangoni akimpigiza kichwa kwenye misumari ya shaba, mara moja, mara mbili, mara tatu, damu ikiruka kwenye kanga na kwenye sahani za halua, na wanawake wakikanyagana kutafuta njia na njia hakuna, kwa kuwa mlango wenyewe ndio uliokuwa ukipigwa kwa kichwa cha mtu, na Bi Mwanamwema alipomrukia Dalal kwa nyuma, Dalal alimshika vidole viwili akavikunja kinyumenyume mpaka vikalia ka, ka, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

Rasha akaporomoka. Alikuwa akipumua, lakini kwa taabu.

"Mwanangu kalala," Dalal akasema. Sauti haikuwa yake, ilikuwa ya mwanamke mzima aliyelia sana. "Juu ya boriti kalala. Hamkubisha hodi. Mmemchoma macho."

Bi Mwanamwema alipiga magoti, vidole vinaning'inia. "Tumekosa, bibi. Sema unachotaka, tukupe. Ubani? Mbuzi mweusi?"

"Macho."

Na vidole gumba vya Dalal vikapanda polepole kwenye macho yake mwenyewe, vikaanza kukandamiza, na damu nyembamba ikashuka pembeni ya pua huku mtu mwenyewe, Dalal wa kweli, akilia kwa ndani, "Dada, dada, siwezi kuizuia mikono!"

"Niliyepiga mimi!" Bahiya alipiga ukelele. "Si yeye! Niachie mdogo wangu, chukua macho yangu!"

Mikono ikasimama.

"Jipige, basi. Usifumbe. Ukifumba, haya nayang'oa."

Bahiya aliing'oa flashi kwenye kamera. Ikamponyoka, akaiokota. Akakibandika kioo chake kwenye jicho la kulia, wazi, kikigusa kope, akabonyeza kitufe cha mgongoni mwa flashi. Alihisi moto ukiingia mpaka kisogoni, akatapika palepale juu ya magoti yake.

"Mwanangu alikuwa na mawili," sauti ikasema.

Akamtazama mdogo wake kwa jicho lililobaki, akamtazama sana, kisha akabonyeza.

Harufu ikakatika. Akasikia Dalal akianguka, akisoma shahada, akilia kwa sauti yake mwenyewe, na Bi Mwanamwema akisema, "Katoka. Alhamdulillahi, mama katoka." Kisha mikono ya Dalal ikamkumbatia, ya moto.

"Naona, dada. Macho yangu mazima. Ona... Ya Rabbi, dada, umejifanya nini?"

Bahiya akaigeukia sauti yake. Giza lilikuwa kamili: hakuuona ukumbi, hakumwona Dalal. Alikiona kitu kimoja tu, kimekaa kama pajani mwa mtu, pale ilipotokea sauti ya Dalal, kidogo, cheusi, kichwa hakina nywele, na mahali pa macho pana mashimo mawili yanayofuka moshi.

"Dalal," akanong'ona. "Umempakata nani?"

"Sikumpakata mtu, dada."

Yule mtoto aligeuka, akainua mkono, na vidole vyake vikaanza kupapasa hewani taratibu, pale ambapo Bahiya alijua yapo macho mazima ya mdogo wake.